Onyo Nililoliweka Ukurasa wa Tisa

Kaka yangu aliniomba nimwandikie kijitabu cha maelezo kwa sababu moja tu: nilijua kupiga chapa. Hakunichagua kwa uhodari mwingine wowote, na alihakikisha nalijua hilo. "Sista, wewe vidole vyako vina mbio," aliniambia. "Mimi nitasema, wewe utaandika. Usiongeze chumvi." Nikamjibu kwamba karani wa miaka minne hafundishwi kazi na mtu asiyejua koma inakaa wapi. Tulizungumza hivyo tangu utotoni. Aliyetusikia kwa mara ya kwanza angedhani tunagombana, na mara nyingine tulikuwa tunagombana kweli.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika nyumba ya mama huku Eastlands, Nairobi, hatua chache kutoka barabara ya Outer Ring. Tulikuwa watatu: mama, kaka na mimi. Baba, aliyekuwa dereva, alifariki tukiwa bado shuleni, na mama akatulea kwa sindano. Alishona vitambaa.

Kama hukukulia mitaa ile, vitambaa ni hivi: sebule ilikuwa haiachwi uchi. Kiti kilikuwa na kitambaa cha mgongoni na viwili vya mikononi. Meza ilikuwa na chake, redio na chake, hata chupa ya chai ilivalishwa. Wengine walifuma kwa kulabu. Mama na wenzake wanne wa kanisani walidarizi kwa mshono wa msalaba, ule wa kitambaa chenye vitundu vilivyopangwa sawasawa, ambapo kila mraba mdogo unapata mshono wake, na miraba ikijaa unaona waridi, au ndege, au chungu. Mtoto wa kiume akikaribia kuoa, mama yake alimshonea seti nzima ya kuvalisha nyumba yake mpya. Mama alianza ya kaka yangu siku alipopata kazi. Alikuwa ameshamaliza vya viti na vya meza. Kilibaki kimoja kikubwa, cha kutundikwa ukutani.

Kaka alikuwa akifundisha kompyuta katika chuo kidogo Eastleigh, orofa ya tatu. Moyo wake ulikuwa mbovu. Akiwa mdogo aliugua koo, koo likaleta homa, homa ikaharibu vali ya moyo, na sisi tukadhani amepona. Alipofika miaka ishirini na sita ngazi za chuo zikamshinda. Alipumzika orofa ya kwanza, akapumzika ya pili, na siku moja akapumzika hapohapo kwenye ngazi mpaka wanafunzi wake wakamkuta wakienda nyumbani. Akaacha kazi. Alirudi na kompyuta kuukuu ambayo ofisi fulani ilikuwa inaitupa, akaiweka kwenye meza ya sebuleni karibu na dirisha. Mama aliipima kwa utepe kabla haijawashwa. Wiki iliyofuata ilikuwa na kitambaa chake, cheupe, chenye mahindi pembeni.

Mtu wa kukaa tu hakuwa. Akaanza kuchora kwenye skrini picha za vidoti, kidoti kimoja baada ya kingine, picha ndogo ambazo ukisogea karibu unaona miraba tu na ukirudi nyuma unaona kuku. Mama alipita na chai, akasimama nyuma yake, akasema, "Hiyo si ni mishono yangu?" Ndiyo ilikuwa. Mraba kwa mraba. Tangu siku hiyo mama na wenzake waliacha kunakili waridi zilezile za vitabu vya zamani. Walimwambia kaka wanataka nini, naye akachora.

Tatizo likawa uzi. Akina mama walitaka kujua picha ina rangi ngapi na kila rangi ina mishono mingapi, ili wasinunue pungufu wala zaidi. Kuhesabu kwa macho kuliwatoa machozi. Ndipo kaka akaandika programu. Unaipa picha, nayo inaipitia kidoti kwa kidoti, halafu inakutolea orodha: rangi hii, vidoti kadhaa, rangi ile, vidoti kadhaa. Kila rangi iliandikwa kwa namba tatu, kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, kila namba kati ya sifuri na sitini na tatu. Programu yenyewe akaiita Chujio. "Unamimina picha," alisema, "rangi zinabaki juu kama majani ya chai."

Sasa mwambie mama wa Machakos kwamba anahitaji uzi wa thelathini, kumi na mbili, sita. Hapo ndipo nilipoingia. Kaka alitaka kijitabu cha Kiswahili, ambacho mama yeyote wa kikundi angeweza kukifuata akiwa peke yake, na kila rangi iwe na jina ambalo mtu analijua. Hakusema kwa nini alitaka waweze wakiwa peke yao. Mimi nilijua, naye alijua ninajua, basi tukajifanya ni mambo ya kazi tu.

Kutaja rangi kulituletea vita. Jumamosi mchana akina mama walikuja, vifungu vya uzi mapajani, na kaka akawaonyesha rangi moja moja kwenye skrini. Mama alisema ile nyekundu ya giza ni damu ya mzee. Jirani yetu wa kutoka Murang'a akasema damu ya mzee gani hiyo, mzee huyo ana maji mwilini, hiyo ni zambarau iliyofuliwa sana. Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Kaka alicheka hadi akashika kifua, nasi wote tukanyamaza, naye akakasirika kwa sababu tumenyamaza. "Endeleeni," akasema. "Mnaniangalia nini? Andika, sista. Damu ya mzee."

Niliandika kwa kalamu kwenye daftari nikiwa nimekaa pembeni yake, halafu yeye akipumzika nilikaa kwenye kompyuta nikapiga chapa. Nilikuwa na mtindo wangu. Kazini nilipiga barua za wakubwa, kavu kama mkate wa juzi, na hiki kilikuwa kitu cha kwanza maishani kilichokuwa changu. Ukurasa wa kwanza niliandika: Mpendwa mama, karibu, keti, mashine hii haiumi. Ukurasa wa pili nilieleza jinsi ya kuiwasha. Wa tatu, jinsi ya kuichagua picha. Wa nne, jinsi ya kuimimina kwenye Chujio. Kaka aliusoma ule wa kwanza, akasema nimeongeza chumvi, lakini hakuufuta.

Kisha, wiki moja isiyo na jambo lolote, alitoa kioo cha kunyolea bafuni akakitundika kwa msumari kando ya skrini. Nilimuuliza anajinyoa au anafanya kazi. Alijitazama, akaweka kidoti, akajitazama tena.

Mama ndiye aliyeambiwa. Alikuwa amemuuliza kile kitambaa kikubwa cha ukutani akitie nini, maua au tausi. Kaka alimwita kama Wakamba wanavyomwita mama, kwa upole: "Mwaitu, mimi sina nyumba utakayoivalisha. Unajua. Nakuchorea uso wangu. Utaushona wewe, na utautundika hapahapa kwako." Mama alikuwa ameshika sufuria. Aliiweka chini, akaipangusa ambapo haikuwa chafu, akasema, "Basi usijichore ukiwa umekonda hivyo." Akatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Ilimchukua miezi mitatu. Siku nyingine aliweka vidoti kumi, siku nyingine mia. Alijichora mnene kidogo, kama mama alivyotaka. Na alikataa kutumia rangi moja ya ngozi kama zile picha za vitabuni. Alisema hakuna mtu mwenye rangi moja, angalia tu mkono wako juu na chini. Alipomimina picha kwenye Chujio kuijaribu, ilitoa rangi kumi na nne za uso, zote kahawia ukiziangalia kwa haraka, na hakuna mbili zilizokuwa sawa.

Nilikuwa nimefika ukurasa wa sita, ule wa mfano, na sikuwa na mfano. Nikamwambia tutumie uso wake. Akasoma orodha kutoka kwenye skrini nami nikaandika, tukabishana majina tukienda. Chai ya rangi. Uji wa wimbi. Karanga iliyokaangwa. Ganda la mkate. Sukari nguru. Udongo wa nyumbani baada ya mvua, hilo lilikuwa lake, nikamwambia ni refu, akasema liandike hivyohivyo. Mbele ya kila jina, idadi ya vidoti. Mamia ya chai ya rangi, mamia ya karanga. Ya mwisho kabisa ilikuwa na namba za manjano manjano.

"Asali," alisema. "Vidoti vitatu."

"Vitatu? Mama anunue kifungu kizima cha uzi kwa mishono mitatu? Vinakaa wapi?"

"Utaviona ukitazama."

"Nina wakati wa kutazama mimi? Niko ukurasa wa sita."

Akacheka kidogo, ule mcheko wa puani, akarudi kwenye kioo. Niliandika: Chujio haliachi kitu, mama mpendwa, hata rangi yenye vidoti vitatu tu, litakutajia. Nilijipongeza kwa sentensi ile. Niliisoma mara mbili kwa sauti.

Sasa nifike kwenye onyo.

Chujio lilikuwa na tabia moja mbaya. Likishatoa orodha, lilikuuliza kama liunganishe rangi zinazokaribiana, N kwa ndiyo, H kwa hapana. Hilo lilikuwa ombi la akina mama wenyewe, kwa sababu waridi moja ilikuwa inawadai pinki saba. Ukibonyeza N, liliunganisha, na likaihifadhi picha mpya mahali pa ile ya zamani. Ya zamani ilikwisha. Kaka aliiandika programu ile kwa haraka, kwenye kompyuta yenye nafasi finyu, ya kutumia yeye mwenyewe ambaye alijua. Nilimwambia aibadilishe. Akasema ataibadilisha akipata nguvu, kwa sasa niandike onyo: fanya nakala kwanza.

Nililiandika. Nililiweka ukurasa wa tisa, wa mwisho, pamoja na mambo ya kufunika mashine na kutoweka kikombe juu yake.

Alipokisoma kijitabu alikuwa kitandani, mito mitatu mgongoni. "Onyo liko wapi?"

"Ukurasa wa tisa."

"Tisa! Si ungeliacha kwetu Machakos kabisa. Liweke mbele."

"Mgeni hapokelewi mlangoni kwa onyo," nilimwambia. "Unamkaribisha, anakaa, anapewa chai, mnaulizana habari za nyumbani. Ndipo unamwambia kile kiti mguu wake umelegea. Umelelewa wapi wewe?"

"Na akianguka kabla ya chai?"

"Hawa ni watu wazima. Watasoma chote kwanza ndipo waanze."

Alifungua mdomo. Niliona ana jibu, na niliona pumzi haipo. Wakati huo alikuwa anazungumza vipande vipande, maneno matatu, anasubiri, maneno matatu. Tungekuwa kama zamani angenizungusha mpaka nikubali. Niliona kwamba hawezi, nami nikachukua ushindi. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Nilichukua kijitabu mkononi mwake nikasema, "Basi tumekubaliana," na hatukuwa tumekubaliana.

Alirekebisha picha yake hadi wiki ya mwisho, akihamisha vidoti bila kubadilisha idadi, akibebwa hadi kwenye kiti. Nakala hakufanya. Mtu aliyenisumbua kwa nakala, uso wake mwenyewe haukuwa na nakala, na kwa hilo nimemkasirikia miaka mingi, kisha najikumbusha kwamba alikuwa haamki kitandani bila kushikwa. Alifariki hospitalini Jumanne mchana. Mama alikuwa amekwenda kumletea uji. Tulimzika Machakos, kwenye udongo ule aliousema, na mvua ilikuwa imenyesha, nami nikawa naangalia rangi yake badala ya kumsikiliza mchungaji.

Tuliporudi Nairobi hakuna aliyeigusa kompyuta. Ilikaa na kitambaa chake cha mahindi. Mama alipangusa vumbi juu ya kitambaa, hakukiinua. Wenzake wa kikundi walikuja na mikate na maziwa, wakaimba, wakaondoka. Seti ya vitambaa vya nyumba ya kaka aliifunga kwenye shuka akaiweka chini ya kitanda.

Halafu Jumamosi moja nilirudi kutoka kazini, nusu siku kama kawaida, nikaingia nikakuta kile kitambaa cha mahindi kimekunjwa vizuri kwenye mkono wa kiti. Kompyuta ilikuwa imewaka. Mama alikuwa mbele yake, miwani puani, kijitabu changu mapajani, penseli sikioni. Sijui kama niliwahi kumwona hivyo. Alikuwa amejichangamsha. Alikuwa amejifunga kilemba cha kanisani.

"Nimemaliza peke yangu," aliniambia. "Sikuita mtu. Umeandika vizuri, mwanangu, ni kama unaniongelesha. Nilisoma mstari, nikafanya. Nikasoma mwingine, nikafanya."

Ndivyo alivyosoma kila kitu, na nilipaswa kujua. Biblia aliisoma hivyo, mstari mmoja, anasimama, anautii, ndipo anasogea kwa unaofuata. Kurukia mbele kuona mwisho aliona ni utovu wa adabu. Kikundi chao chote kilisoma hivyo. Nilikuwa nimekaa nao Jumamosi baada ya Jumamosi, nikiandika kijitabu cha watu wanaosoma kama mimi.

"Imeniambia rangi mbili tu," mama alisema, akanionyesha karatasi alikoandika kwa penseli. "Kumbe hata uso wa mtu ni rahisi. Nitanunua uzi wa namna mbili. Yeye alinitisha na kumi na nne zake."

Chujio halikuonyesha picha, lilitoa orodha tu, kwa hiyo hakuwa ameona. Niliomba anipishe kiti. Nilifungua picha. Uso ulikuwepo, umbo lake, nywele, masikio yaliyotoka nje kidogo. Lakini ulikuwa kahawia moja iliyoiva na kahawia moja nyepesi, kama mtu aliyekatwa kwenye karatasi mbili za duka. Shavu halikuwa shavu. Macho yalikuwa madoa.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, akishika mgongo wa kiti. Aliondoa penseli sikioni, nami nikajua ameona.

"Mama, si wewe," nilisema. "Ni mimi. Kulikuwa na onyo. Ilitakiwa ufanye nakala kwanza, usibonyeze N."

"Ukurasa wa nne umesema nibonyeze."

"Umesema ukitaka rangi chache."

"Nilitaka. Nani hataki?" Alichukua kijitabu. "Onyo liko wapi?"

Nilimwambia. Akafungua ukurasa wa tisa, akasogeza miwani, akasoma kwa sauti jinsi anavyosoma kanisani, neno kwa neno. "Kabla ya yote, fanya nakala ya picha yako." Akaweka kidole kwenye mstari. "Kabla ya yote," akarudia. "Mbona basi umeliweka huku?"

Nilimweleza. Mgeni, mlango, chai. Nilipokuwa nasema nilijisikia jinsi nilivyo mjinga, lakini nilimaliza, kwa sababu nilikuwa nimeanza.

"Mimi si mgeni," mama alisema. "Hii ni nyumba yangu."

Hakuniongelesha tena mpaka Jumatatu. Jumapili nilimfuata mwalimu mmoja aliyekuwa akifundisha na kaka chuoni, akaja na mkoba wake wa vifaa, akakaa saa tatu kwenye mashine ile akitafuta kama ya zamani imebaki mahali. Aliondoka bila kunywa chai. Mlangoni aliniambia kwamba picha mpya iliandikwa palepale juu ya ile nyingine, na kwamba pole sana.

Jumatatu jioni mama alikuwa jikoni anakatakata sukuma wiki. Bila kugeuka akasema, "Ukurasa wa sita una majina ya rangi zake."

"Ndiyo. Na idadi."

"Zote kumi na nne?"

"Zote."

"Basi Jumamosi twende Eastleigh."

Tulikwenda. Muuza nyuzi alitandaza kahawia zote alizokuwa nazo, na mama akazichagua akiwa ameshika kijitabu changu, akisoma. Uji wa wimbi. Ganda la mkate. Alizipeleka mlangoni kwenye jua moja moja. Mwenye duka alimuuliza anashona nini, ng'ombe? Mama akamjibu, "Mwanangu," na yule mtu akainamisha kichwa akafunga mzigo.

Umbo tulikuwa nalo, lile la rangi mbili. Rangi tulikuwa nazo, na tulijua kila moja ina mishono mingapi. Tusilojua ni wapi. Wapi karanga inaishia na sukari nguru inaanza, upande gani wa pua ulikuwa na kivuli. Picha ya kitambulisho cha kaka ilikuwa nyeusi na nyeupe, ndogo kama stempu, na alipigwa akiwa amekasirika. Mama aliiangalia siku mbili akairudisha kwenye bahasha. Kisha akaniambia nikae kwenye kiti karibu na dirisha.

Tulifanana, kaka na mimi. Kila mtu alisema hivyo, nasi tulikataa. Kila Jumapili baada ya kanisa, karibu mwaka mzima, nilikaa kwenye kiti kile nikitazama ukuta wa jirani huku mama akisogeza uzi karibu na shavu langu. "Geuka kidogo. Yeye mfupa wake ulikuwa juu zaidi. Inua kidevu." Alinitazama miezi ile zaidi kuliko alivyonitazama tangu nilipozaliwa, na hakuwa ananitafuta mimi. Iliniuma. Nilijiambia nimestahili, nikakaa sawa. Mara nyingine alinyoosha mkono kunigusa chini ya jicho, akashona mishono minne, akaifumua mitatu.

Alikuwa mwaminifu kwa zile hesabu. Mbele ya kila rangi kwenye ukurasa wa sita alipiga kijistari cha penseli kwa kila mshono, na rangi ilipotimiza idadi yake aliikata na hakuitumia tena, hata kama aliitamani. Nilimwambia hakuna atakayehesabu. "Yeye alihesabu," akasema.

Kaka akaanza kutokea. Si yeye sawasawa. Kulikuwa na kitu changu kwenye taya, na jirani wa Murang'a alipouona uso ule mara ya kwanza alitutazama mimi na kitambaa zamu kwa zamu. Lakini paji lilikuwa lake, na ule mdomo wa kutaka kukujibu. Rangi zikaendelea kukatwa, saba, kumi, kumi na tatu, mpaka Jumapili moja mama akaweka kitambaa mapajani akasema, "Imebaki asali."

Miraba mitatu ilikuwa haijajazwa, pembeni mwa sikio, pale alipokuwa amefikia mwisho. Alitia uzi wa asali kwenye sindano. Aliusogeza mpaka kwenye mraba wa kwanza, akasita.

"Si hapa," alisema. "Hapa ndipo palipobaki tu."

Aliirudisha sindano nyuma. Alikitazama kile kitambaa muda mrefu, kwa karibu, kisha akiwa amekinyoosha mbele yake kwa mikono yote miwili. Nami nilikitazama. Nimekisia mara nyingi tangu hapo: labda taa machoni, labda ule mwanga wa dirisha uliokuwa ukimpiga kwenye kioo asubuhi. Sijui. Nilikaa mita moja kutoka kwenye picha ile kwa miezi mitatu, nikaifanya mfano, nikaisifu kwa sentensi nzuri, na siwezi kusema lolote kuihusu ambalo halimo kwenye orodha.

Kitambaa kinaning'inia kwenye ukuta wa mama mpaka leo. Miraba mitatu ya pembeni mwa sikio ni mitupu, na sindano yenye uzi wa asali imechomekwa chini yake kwenye upindo. Wageni humwambia amesahau sindano, naye husema hajasahau.

Siku ile, kabla ya kuichomeka, aliniuliza bila kuniangalia. "Hukumuuliza vinakaa wapi?"

"Nilimuuliza."

"Akasemaje?"

"Akasema nitaviona nikitazama."

Nje watoto walikuwa wanapiga mpira wa karatasi kwenye geti letu, na kwa mara ya kwanza mama hakuwafokea.

"Na hukutazama?"

"Nilikuwa naandika, mama."